Saa za kifahari za matoleo machache: Mali au mapambo?

NOVEMBA 2024, katika mnada wa kampuni ya Phillips mjini Geneva, Uswisi, saa moja ya mkononi iliuzwa kwa faranga za Uswisi milioni 7.32, sawa na zaidi ya dola za Marekani milioni nane. Bei hiyo haikutokana na vito. Saa iliundwa mwaka 1993 na fundi mmoja, François-Paul Journe, mzaliwa wa Marseille nchini Ufaransa, ambaye wakati huo hakuwa hata na kampuni yenye jina lake.

Kwa mkulima wa mahindi anayehesabu magunia, au mwenye duka la rejareja anayehesabu faida ya shilingi mia kwa kila kilo ya sukari, habari kama hiyo inaweza kuonekana kuwa ni hadithi za Alfu Lela Ulela. Hata hivyo, haiko mbali naye kama anavyodhani. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo na Eastleigh huenda Dubai kufuata bidhaa, na huko maduka ya saa yamejaa. Maneno "toleo maalumu", "zimetengenezwa chache tu" na "bei yake haishuki" hutamkwa kwa lugha tamu, na mtu aliyeuza mazao vizuri au aliyelipwa fidia ya kiwanja anaweza kushawishika kwamba saa ni akiba bora kuliko ng'ombe.

Swali basi ni la haki: je, saa za kifahari za mafundi huru, zinazotolewa kwa idadi ndogo, ni uwekezaji? Jibu fupi ni kwamba chache sana ni uwekezaji, nyingi ni mapambo, na kuzitofautisha kunahitaji vipimo ambavyo mfanyabiashara yeyote makini anavyo tayari, ila hajazoea kuvitumia nje ya soko lake.

Kazi ya mkono ndiyo bidhaa

Ili kuelewa bei hizo, ni lazima kwanza kuelewa zilikotoka. Katika milima ya Jura na bonde la Joux, Uswisi, kazi ya saa ilikua mikononi mwa wakulima. Majira ya baridi theluji ilifunga mashamba kwa miezi, na familia zikakaa ndani kuchonga vipande vya saa ili kupata fedha wakati shamba limelala. Kwa lugha ya leo, ilikuwa ni shughuli ya kuongeza kipato msimu wa kiangazi, ila kiangazi chao ni theluji.

Sekta hiyo ilitikiswa baada ya Desemba 1969, pale kampuni ya Seiko ya Japani ilipoanza kuuza saa ya mkononi inayoendeshwa kwa betri na kipande cha kwazi. Saa hizo zilikuwa sahihi zaidi na baada ya muda zikawa rahisi zaidi. Uswisi iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 90,000 katika sekta ya saa mwaka 1970, ilibakiwa na takriban theluthi moja katikati ya miaka ya 1980. Kuanzia hapo, saa ya springi haikuwa tena chombo cha lazima cha kujua wakati. Iliyobaki ilibaki kwa sababu nyingine: ufundi, heshima na uchache.

Katika mazingira hayo, mwaka 1985 mafundi Svend Andersen na Vincent Calabrese walianzisha chama cha watengenezaji huru wa saa, kinachojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa AHCI. Hawa ni watu wanaobuni na kutengeneza saa kwa majina yao wenyewe, nje ya makampuni makubwa. Kutoka kundi la mafundi wa aina hiyo ndiko yametoka majina ambayo leo yanatajwa minadani.

Mfano mzuri ni Philippe Dufour, fundi wa kijiji cha Le Solliat katika bonde hilo la Joux. Mwaka 2000 alitoa saa aliyoiita Simplicity. Jina lenyewe linasema yote: saa inaonyesha saa, dakika na sekunde tu. Haina kalenda, haina kengele. Thamani yake iko katika namna kila kipande cha ndani, hata kile ambacho mvaaji hataki kukiona, kilivyosuguliwa na kung'arishwa kwa mkono. Alitengeneza takriban mia mbili tu, kwa miaka mingi, kisha akaongeza 20 za kuadhimisha miaka 20. Mojawapo ya hizo za maadhimisho iliuzwa mnadani Geneva Novemba 2020 kwa zaidi ya faranga milioni 1.3.

Hapa ndipo kipimo cha kwanza kinapopatikana. Anayetaka kujua kama saa ina thamani ya kudumu, asianze na uso wake wala kasha la dhahabu. Aanze na mashine ya ndani, na aulize imetengenezwa na nani. Zipo kampuni zinazojiita huru na zinazouza kwa bei ya juu, ilhali mashine ya ndani imenunuliwa kwa jumla kutoka kiwanda kinachouzia kila mtu. Hilo si kosa, kwani mashine hizo ni imara na fundi yeyote anaweza kuzitengeneza. Lakini anayelipa bei ya kazi ya mkono kwa kitu cha kiwandani ni sawa na anayenunua kuku wa kisasa kwa bei ya kuku wa kienyeji. Atamla, lakini hataweza kumuuza tena kwa bei ile.

Uchache wa kweli na uchache wa kubuni

Kipimo cha pili ni uchache. Neno "toleo maalumu" limetumika mno hadi limepoteza ladha. Kampuni inaweza kutoa saa 500 zenye uso wa kijani, mwezi unaofuata 500 zenye uso wa bluu, kisha 300 kwa heshima ya mbio za magari, na kila moja ikaandikwa namba yake mgongoni. Kila toleo ni chache. Yote kwa pamoja ni mengi. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtengenezaji akiona soko limechangamka, huwa mwepesi kuongeza matoleo, na anayeumia ni yule aliyenunua mwanzo akidhani amepata kitu adimu.

Uchache wa kweli hutokana na uwezo wa karakana, si uamuzi wa idara ya matangazo. Journe, aliyefungua kampuni yake Geneva mwaka 1999, hutoa saa chini ya elfu moja kwa mwaka kwa aina zote alizonazo. Alipoanza hakuwa na mtaji, akatumia mbinu iliyowahi kutumiwa na fundi mkubwa Abraham-Louis Breguet katika karne ya 18: wateja walitanguliza fedha kabla ya saa kutengenezwa. Saa 20 za mwanzo, zenye kifaa cha turbiyoni, yaani kizimba kidogo kinachozunguka ili kupunguza athari ya uvutano wa dunia kwenye mwendo wa saa, zilitolewa kwa njia hiyo. Leo saa hizo 20 huuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Saa zake za miaka ya mwanzo zenye mashine ya shaba, kabla hajaanza kuitengeneza kwa dhahabu katikati ya miaka ya 2000, hutafutwa zaidi kwa sababu hazitatengenezwa tena.

Lakini hata uchache wa kweli hautoshi peke yake. Watu wa Mererani wanalijua hilo kuliko mtu yeyote wa Geneva. Tanzanite, iliyogunduliwa mwaka 1967, hupatikana eneo moja tu duniani. Kama uchache pekee ungeamua bei, tanzanite isingeshuka kamwe. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2001, baada ya taarifa katika magazeti ya Marekani kuihusisha biashara ya jiwe hilo na ugaidi, maduka makubwa ya vito huko yaliacha kuinunua kwa muda na bei ikaporomoka. Jiwe halikuongezeka hata gramu moja. Kilichopungua ni wanunuzi.

Kwa hiyo, mwenye kununua saa adimu asiulize tu "zipo ngapi?" Aulize pia "wanaozitaka ni wangapi, na wako wapi?" Kitu kilichotengenezwa mara kumi tu, lakini kinachotakiwa na watu watano, kimezidi mahitaji mara mbili.

Soko la mkono wa pili ndilo shahidi

Kipimo cha tatu ndicho kigumu kwa muuzaji kukijibu: je, saa hiyo imewahi kuuzwa hadharani baada ya mnunuzi wa kwanza? Bei ya dukani ni matakwa ya muuzaji. Bei ya mnada ni ushahidi wa mnunuzi. Kampuni kubwa za minada huchapisha matokeo yake na kila mtu anaweza kuyasoma. Mtengenezaji ambaye saa zake zimepita minadani kwa miaka kumi au zaidi, katika nyakati nzuri na mbaya, na zikashikilia bei, ana rekodi. Yule ambaye saa zake hazijawahi kuonekana mnadani, au huonekana na kuuzwa chini ya nusu ya bei ya dukani, naye ana rekodi, ila si ile ambayo muuzaji angependa isomwe.

Wapo pia wanaodanganywa na rekodi moja kubwa. Mwaka 2021, saa ya Journe iliyobuniwa pamoja na mwongozaji filamu Francis Ford Coppola iliuzwa kwa faranga milioni 4.5 katika mnada wa hisani wa Only Watch. Mnada wa hisani una wanunuzi wanaotoa fedha kwa ajili ya utafiti wa maradhi, na saa yenyewe ni moja tu. Kuichukua bei hiyo kama kipimo cha saa nyingine za fundi huyohuyo ni sawa na kumkadiria kila mbuzi kwa bei ya yule aliyenunuliwa na mgeni rasmi kwenye harambee.

Mali bila daftari

Kipimo cha nne ni makaratasi. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari, na katika saa msemo huu una thamani ya mamilioni. Kasha la awali, cheti cha mtengenezaji, risiti ya mnunuzi wa kwanza na kumbukumbu za matengenezo vinaweza kuongeza bei kwa kiasi kikubwa, na kukosekana kwake kunaweza kuifanya saa isiuzike kabisa kwa wanunuzi wakubwa.

Historia ya mmiliki nayo hupandisha bei. Saa za miaka ya 1970 zenye alama ya jambia la Oman usoni, zilizoagizwa kwa niaba ya Sultan Qaboos na kutolewa kama zawadi, huuzwa ghali kuliko zinazofanana nazo zisizo na alama hiyo. Tofauti ni mchoro mdogo tu na hadithi inayoweza kuthibitishwa.

Lakini penye hadithi yenye bei, wadanganyifu nao hawakosi. Novemba 2021, saa ya zamani ya Omega Speedmaster iliuzwa Geneva kwa zaidi ya faranga milioni tatu, na aliyeinunua alikuwa ni kampuni ya Omega yenyewe kwa ajili ya jumba lake la makumbusho. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba saa ile ilikuwa imeunganishwa kutoka vipande vya saa mbalimbali, na kwamba watu waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Ikiwa mtengenezaji mwenyewe, mwenye kumbukumbu zote na mafundi wote, anaweza kuuziwa saa ya viraka yenye jina lake, mfanyabiashara anayekagua saa kwa tochi ya simu kwenye kaunta ya duka anajidanganya akisema ataitambua.

Nani ataitengeneza kesho?

Saa ya springi ni mashine. Mafuta yake hukauka, vipande vyake husagika, na kila baada ya miaka kadhaa huhitaji kufunguliwa. Saa ya kampuni kubwa ina mafundi katika miji mingi. Saa ya fundi huru mara nyingi hurudishwa kwa fundi huyohuyo, Uswisi au kwingineko, na foleni inaweza kuchukua miezi mingi.

Ndiyo maana kipimo cha tano ni uhai wa karakana. Kampuni za HYT na RJ, zote za Uswisi, ziliwahi kuuza matoleo machache kwa bei kubwa na kupambwa magazetini. RJ ilifunga mwanzoni mwa mwaka 2020 na HYT ikafilisika mwaka 2021, ingawa baadaye jina lake lilifufuliwa na wamiliki wapya. Aliyekuwa na saa ya HYT, ambayo huonyesha wakati kwa kimiminika chenye rangi ndani ya mrija, hakuweza kuipeleka kwa fundi wa mtaani. Alibaki na mtambo usio na mwenyewe.

Kifo cha fundi nacho kina pande mbili. George Daniels, fundi wa Kiingereza aliyeishi Isle of Man na ambaye ubunifu wake ulianza kutumiwa na Omega mwaka 1999, alifariki mwaka 2011. Saa zake hazikushuka thamani. Mwaka 2019 moja, iitwayo Space Traveller, iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 3.6. Lakini Daniels aliacha vitabu vilivyoeleza mbinu zake na mwanafunzi, Roger Smith, anayeendeleza kazi hiyo. Fundi asiyeacha mrithi wala maandishi anaacha fumbo. Makampuni makubwa yameliona hilo, na si ajabu kwamba Chanel ilinunua asilimia 20 ya kampuni ya Journe mwaka 2018, kisha asilimia 25 ya MB&F, kampuni nyingine huru, mwaka 2024. Kwa mnunuzi, hatua kama hizo zinaongeza uwezekano kwamba vipuri vitapatikana baada ya mwanzilishi kuondoka.

Hesabu ambayo haisemwi

Tuseme mfanyabiashara amenunua saa kwa dola 20,000. Baada ya miaka sita anasoma gazetini kwamba saa kama yake imeuzwa mnadani kwa dola 37,500. Atachekelea akidhani ametengeneza karibu maradufu. Hebu hesabu ifanywe kama inavyofanywa dukani.

Bei inayotangazwa na minada mikubwa kwa kawaida hujumlisha ada ya mnunuzi, ambayo hufika takriban robo ya bei ya nyundo au zaidi. Kwa hiyo kati ya dola zile 37,500, nyundo iligonga kwenye 30,000. Muuzaji naye hukatwa ada. Ikiwa ni asilimia kumi, anabaki na 27,000. Kama aliifanyia saa matengenezo mara moja kwa dola 1,500, akalipa bima ya dola 300 kila mwaka, na usafirishaji salama ukamgharimu 500, gharama zake ni dola 3,800. Mkononi anabaki na 23,200. Faida ni dola 3,200 kwa miaka sita, yaani chini kidogo ya asilimia 2.7 kwa mwaka. Na hapo saa ilikuwa imepanda bei. Bandu bandu huisha gogo.

Hesabu hiyo ni ya mfano, na haijagusa forodha. Anayeingiza saa nchini kihalali hukutana na ushuru na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na asilimia 16 Kenya. Asiyeilipa ana saa isiyo na karatasi, na kipimo cha nne kimekwisha kueleza hatima yake.

Kwa upande mwingine, hatifungani ya Serikali hulipa riba kila baada ya miezi sita. Ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni na huzaa. Mashine ya kusaga hutoza kila debe. Saa haitagi, haikamuliwi na haipangishwi. Faida yake yote inategemea siku moja tu, siku ya kuuza, na mtu mmoja tu, yule atakayelipa zaidi ya aliyemtangulia.

Kupanda na kushuka

Miaka ya 2020 hadi mwanzoni mwa 2022 soko la saa lilipata wazimu. Watu wenye fedha walikuwa wamefungiwa majumbani na janga la Uviko-19, riba zilikuwa chini, na sarafu za kidijitali zilikuwa zimewatajirisha vijana wengi. Saa ya chuma ya Patek Philippe Nautilus 5711, ambayo kampuni ilitangaza mwaka 2021 kwamba inaacha kuitengeneza, ilifika zaidi ya mara nne ya bei ya dukani. Patek ni kampuni kubwa ya familia, si karakana ndogo, lakini joto lake lilizifikia saa za mafundi huru pia. Kuanzia Machi 2022 bei zilianza kuteremka, na waliokuwa wamenunua kileleni walibaki na hasara ya maelfu ya dola huku saa ikiwa ileile, ikisema wakati uleule.

Wafugaji wa Kenya hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 2013 hadi 2014 kware alikuwa mfalme. Mayai yake yalisifiwa kuwa ni dawa, watu wakaacha kuku wakajenga vizimba, na bei ikapaa. Lakini wengi wa waliokuwa wananunua hawakuwa walaji. Walikuwa wafugaji wapya wakinunua mbegu. Wafugaji wapya walipokwisha, soko likafa. Dalili ni ileile kwenye saa: pale ambapo wanunuzi wengi hawataki kuvaa wala kuhifadhi, bali kuuza wiki ijayo, bei haina sakafu.

Zaidi ya hayo, bei ya saa ya Uswisi huamuliwa pia na mambo ambayo mnunuzi hana usemi nayo. Januari 15, 2015, Benki Kuu ya Uswisi iliiachia faranga ghafla na ikapanda siku hiyohiyo. Agosti 2025 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 39 kwa bidhaa za Uswisi, kabla ya kukubali Novemba mwaka huohuo kuupunguza hadi asilimia 15. Mwenye duka mjini Mwanza aliyeweka akiba yake mkononi kwa umbo la saa angekuwa anabebwa na mawimbi ya bahari asiyoijua.

Mitego ya kuepuka

Kuna njia tatu za kuingia katika biashara hii ambazo hazifai kwa mtu wa kipato cha kawaida. Ya kwanza ni kukopa. Mkopo hulipwa kila mwezi na saa hailipi kila mwezi. Ya pili ni kununua kwa kumtegemea rafiki wa rafiki anayedai ana "nafasi" katika orodha ya kusubiri.

Ya tatu ni kumkabidhi mtu mwingine mali kwa ahadi ya gawio. Nchini Japani, huduma moja iliyoitwa Toke Match ilichukua saa za watu na kuahidi kuwalipa kodi kila mwezi kwa kuzipangisha. Januari 2024 ilitangaza kufunga, saa zaidi ya mia nane hazikurudishwa, na mkuu wake akawa amekwenda Dubai. Watanzania waliopitia upatu wa DECI hadi mwaka 2009 wanaitambua sura hiyo hata ikivaa saa ya dhahabu.

Je, nani basi anunue? Ni yule ambaye fedha hiyo ikipotea yote, watoto wataendelea na shule na duka litaendelea kujaa. Anayeipenda saa yenyewe na yuko tayari kuivaa miaka ishirini. Na aliyesoma matokeo ya minada kabla ya kusoma matangazo. Huyo akinunua saa ya fundi mwenye rekodi, yenye makaratasi kamili, kwa bei ya soko la mkono wa pili lililotulia, anaweza kufanikiwa. Wengine wote watakuwa wamenunua pambo, na pambo halina ubaya mradi lisiitwe akiba.

Somo lililo bora kuliko saa

Hata hivyo, lipo jambo ambalo mkulima na mfanyabiashara mdogo wanaweza kulichukua bila kutoa hata senti. Katika hadithi hii yote, aliyenufaika kwa uhakika zaidi si mnunuzi bali ni mtengenezaji. Dufour na Journe walianza wakiwa na mikono, jina na subira. Hawakushindana na viwanda kwa wingi. Walitengeneza kidogo, wakaweka namba na jina kwenye kila kipande, wakakataa kuongeza maji kwenye tembo, na wanunuzi wakawafuata. Kizuri chajiuza.

Kahawa inayopelekwa mnadani Moshi au Nairobi, karafuu ya Pemba, asali ya Tabora, vyote vina historia ambayo mnunuzi wa mbali yuko tayari kuilipia endapo itathibitishwa: shamba gani, msimu gani, nani aliyechuma, nani aliyekausha. Kinachokosekana mara nyingi si ubora, ni daftari. Kikundi cha wakulima kinachotenganisha zao lake bora, kuliwekea kumbukumbu na kukataa kulichanganya na la hovyo ili kujaza gunia, kinafanya kazi ileile ya fundi wa Le Solliat.

Wakulima wa bonde la Joux hawakutajirika kwa kununua saa. Walitumia miezi ya theluji kujifunza kuzitengeneza. Mwenye dola elfu ishirini na shamba lisilo na kisima hana haja ya kwenda Geneva kutafuta uwekezaji adimu.